Dawa Iliyoosha Picha ya Talaso

Sisi tuliokulia Chechelesi, mtaa wa Isiolo, wakati picha zilipokuwa nyeusi na nyeupe tunajua kwamba kupigwa picha kulikuwa na siku yake. Uliogeshwa, ukapakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa, kisha ukaonywa usicheke. Vijana wa siku hizi wanajipiga wakila chipsi, halafu wanarudia kwa sababu chipsi hazikutokea vizuri. Sisi tulisimama wima kama vigingi vya zizi, tukisubiri Baba aseme, "Usipepese!"

Baba alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuosha filamu ilikuwa kazi ya Mama, Mmeru aliyeteremka Isiolo kuolewa na Mturkana na hakuwahi kulizoea jua letu. Alikuwa na dawa za aina mbili. Dawa kali ilitoa picha upesi, na Baba aliipenda kwa kuwa wateja hawakupenda kungoja. Ile nyingine ilikuwa ya polepole, kama uji juu ya makaa. Maji ya kuichanganya yalipoezwa mtungini, maana ya mfereji yalitoka karibu yawe chai. Zote zilimwachia Mama harufu ya siki, na mpaka leo nikiinusa, nageuka nikidhani Mama yuko nyuma yangu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Talaso, msichana Mborana wa kijiji cha Biliqo aliyekaa kwa shangazi yake, jirani yetu, ili asome. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka tukageuka rangi ya vumbi, kisha tukanywa kwao maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Tulipomaliza shule ya msingi, baba yake alituma ujumbe: amesoma ya kutosha, arudi nyumbani. Mama yake akaja kumchukua. Talaso aliomba kitu kimoja tu, picha ya darasa ampelekee baba yake, mzee ambaye hakuwa ameona mji wala shule.

Siku ya picha, mwalimu mkuu alihutubu hadi jua likatukalia utosini. Tulipigwa picha tukiwa na mashati meupe pepepe, na lori la Merti, la kumrudisha Talaso kwao, lilikuwa linaondoka alasiri hiyo hiyo.

"Tia ile kali," Baba akasema tulipofika nyumbani. "Lori halingoji mtu."

"Hapana, Baba Akiru. Jua lile na mashati yale, dawa kali itatoa mashati matupu na nyuso zitakuwa giza. Huyo mzee apelekewe shati, ama apelekewe mtoto wake?"

"Na asipopelekewa chochote?"

Mama alichukua dawa ya polepole, akaingia ndani, akafunga mlango. Baba akabeba kamera yake na kutoka.

Mimi nilikimbia kwenda kumuaga Talaso. Nilimkuta juu ya magunia ya unga, kando ya mama yake, macho yameshaiva kwa kulia. Injini ilikuwa inanguruma. Mara nikamwona Baba mbele ya lori, anamwambia dereva, "Gari zuri hivi, halijawahi kupigwa picha?"

Dereva akazima injini, akatafuta kitana. Utingo akapanda juu ya kichwa cha lori. Baba akawasogeza kushoto, akawarudisha kulia, akafuta kioo cha kamera, akalalamikia kivuli. Abiria walipiga kelele, wapi! Kumbe kamera ilikuwa tupu, haina hata filamu. Safari iliyofuata aliwapiga picha ya kweli, bure, nao wakacheka kuliko sisi.

Hatimaye Mama akatokea mbio, leso inapepea, picha mbichi ameishika kwa pembe. Tulikuwemo wote, sura kwa sura. Na Talaso, pale mwisho wa mstari, alikuwa amekaidi onyo la kutocheka. Alikuwa anacheka, kichwa nyuma, na hata kovu la kwenye nyusi lilionekana. Aliondoka ameiinua picha kwenye upepo ikauke.

Shule za sekondari zilipokaribia kufunguliwa, mzee mrefu mwenye fimbo alisimama mlangoni petu, Talaso nyuma yake. Alimsalimia Mama, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta, "Mimi sijaona huyu anacheka hivi nyumbani. Nimemrudisha pale anacheka."

Leo Talaso ni mwalimu huko Sericho.

Mpwa wangu ana picha elfu na elfu ndani ya simu. Muombe moja ya nyanya yake, atatelezesha kidole mpaka chai ipoe. Simlaumu. Simu zao zinatuona sisi weusi hata juani, bila dawa wala mtungi, na kwa hilo nashukuru. Ila simu haijui Talaso ni mtoto wa nani, wala nani anamngoja Biliqo. Mama alijua.