Malale Anampikia Mzazi

Nani alikuambia kwamba mwanaume akishika mwiko chakula kinaharibika? Nakuuliza wewe unayesoma, na usinijibu kwamba ndivyo tulivyokuta. Tulikuta mengi, na mengine tumeyaacha bila kumwomba mtu ruhusa.

Nauliza kwa sababu ya jirani yangu Malale. Tunapanga nyumba moja hapa Mpanda, mtaa wa Makanyagio, yeye na mkewe Minza vyumba viwili vya mbele, mimi chumba cha uani. Malale ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya mtaa huu yametoka mkononi mwake. Ni Msukuma wa familia ya ng'ombe. Baba yake, Mzee Luhende, alishuka na mifugo kutoka Meatu zamani, akaweka boma upande wa Mishamo, na yuko huko mpaka leo. Malale ana kifua kipana na sauti inayosikika hata mashine ikiwa inanguruma. Na anapika kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Sisemi anapika kwa shida. Anapenda. Akitoka karakana, kabla hajaoga, atafunua sufuria aone maharage yamefikia wapi, atachota mchuzi kwa kijiko, atafumba macho. Watoto wa mtaa walimpa jina la Mama Malale. Siku ya kwanza aliposikia, aliwaita wote uani akawagawia maandazi, akawauliza mama gani mwingine anawapikia hivyo. Jina likafia hapohapo.

Tuna kikundi chetu cha mapishi, na mimi ni mmoja wao. Kila Jumapili mchana tunakutana nyumbani kwa mwenzetu, na sheria ni moja: uje na chakula ulichopika kwa mkono wako, na uje na ujanja mmoja wa jikoni. Séverine, aliyekulia Mishamo, ndiye aliyetuonjesha isombe, kisamvu kilichotwangwa mpaka kikalainika kabisa, kikapikwa kwa mawese. Yeye pia alituonyesha kuosha migebuka, samaki wakavu wa Ikola, kwa maji ya uvuguvugu na limau ili nyumba isinuke siku nzima. Malale alitufundisha kuchomoa ule mpira wa presha kuka na kuuosha peke yake, la sivyo wali wa leo unanuka maharage ya jana. Siku nyingine alileta kitu alichokichomelea mwenyewe: chuma kinachobana sufuria, unakikanyaga kwa mguu, unasonga ugali bila mtu wa kukushikia. Akina mama walikigombania mpaka wakasahau kula. Mwenyekiti wetu, Mama Bernadetha, Mkonongo mwenye mdomo usiokaa na jambo, alisema angekuwa na mume wa namna ile asingemwacha aende karakana, angemfungia ndani.

Basi Minza akajifungua. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na muuguzi aliyemruhusu alisema kwa msisitizo kwamba asibebe kitu kizito wala asisafiri kwenye barabara mbovu mpaka kidonda kifunge. Mama yake Minza yuko kaskazini, miguu haimruhusu safari. Mama yake Malale alishafariki. Kwetu huku mzazi huhudumiwa na wanawake: mama, mama mkwe, shangazi, dada. Mwanaume hukaa nje akipokea pongezi. Malale hakukaa nje. Alifunga karakana akaanza kupika. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga na pilipili manga, mchana supu ya kuku wa kienyeji, jioni ndizi zilizopondwa na nyama. Alikuwa anamkanda kwa maji ya moto, anafua nguo za mtoto, anaanika nje mbele ya kila mtu. Nilimwona mzee mmoja wa mtaani akigeuza njia ili asipite karibu na ile kamba.

Habari zikafika Mishamo. Hazikukawia, pikipiki zinapita kila siku. Mzee Luhende akapiga simu. Alisema anakuja Jumapili na gari la kukodi kumchukua mkwe wake na mjukuu, dada zake wako bomani wanamsubiri, kwa sababu hajawahi kusikia katika ukoo wake mzazi analishwa na mwanaume kama ndama aliyefiwa na mama. Malale alimweleza habari ya kidonda. Mzee akajibu kwamba wanawake wa Kisukuma wamezaa porini wakiwa wanaswaga ng'ombe, na simu ikakatwa.

Ile barabara naijua. Wakati wa mvua ina mashimo yanayomeza tairi, na mtu mzima bila kidonda anafika mgongo umepinda. Minza alipoambiwa alimgeuza mtoto upande wa pili. Baadaye alimwambia Mama Bernadetha kwamba anaogopa, kwamba nyuzi zikikatika huko bomani hakuna hospitali ya karibu. Lakini kumkatalia baba mkwe hakuwezi. Hata kumtazama usoni hamtazami.

Mama Bernadetha akaja na mpango. Jumapili ile kikundi kihamie kwa Malale, wanawake wajae uani na kanga zao, na mzee akiuliza, aambiwe wao ndio wanaomhudumia mzazi. Mzee ataridhika, atarudi kwake, Minza atabaki. Mimi nilipinga. Nilisema tunakwenda kumwombea Malale msamaha kwa kosa ambalo si kosa. Mama Bernadetha alinitazama.

"We msomi," akasema, "kile kidonda ni cha hoja au cha mtu? Acha mtoto wa watu apone kwanza, halafu mtabishana mpaka mchoke."

Malale aliingia jikoni, akaanza kuloweka nsansa, yale majani makavu ya kunde.

Mzee Luhende alifika mchana, mrefu, koti zito juani, fimbo mkononi. Mnielewe vizuri: sikumwona kuwa mtu mbaya. Alimpokea mjukuu kwa mikono miwili, akamnusa kichwani, na macho yake yakalowa akajifanya anapenga kamasi. Minza alijifunika kanga, akamsalimia akiwa amepiga goti moja nyuma ya mlango, akarudi ndani. Uani wanawake wa kikundi walikuwa wameshika kila kinachoshikika. Séverine alikuwa anapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Mama Bernadetha akaleta sinia mkekani, tulipokaa mzee, Malale, dereva na mimi. Kulikuwa na ugali mgumu wa Kisukuma, kuku, na nsansa iliyoungwa kwa karanga. Mzee alionja ile nsansa, akasita kidogo, akaonja tena. Akaendelea mpaka bakuli lilipokwisha. Akalipangusa kwa tonge la mwisho.

Kisha akanawa, akauliza nani kapika, ili amshukuru.

Mama Bernadetha, bila kupepesa jicho, akasema ni yeye na wenzake. Mzee akambariki. Akasema alikuwa amepotoshwa na maneno ya watu wa pikipiki, kumbe mtoto wake anaishi na watu. Akasema kama mkwe wake yuko kwenye mikono kama hiyo, hana haja ya kumsafirisha, atamwacha mpaka arobaini ipite. Mlangoni nikaona kanga ya Minza inatikisika. Nadhani alikuwa analia kwa nafuu. Tulikuwa tumeshinda.

Hapo ndipo Malale alipofungua mdomo.

"Baba," akasema, "hiyo nsansa nimepika mimi. Na ugali. Na kuku. Hawa wamekuja kunisitiri."

Mama Bernadetha alishika kichwa. Séverine aliacha ungo.

Mzee akamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini: je, haoni aibu mbele ya watu hawa wote, au yeye mzee amemlea mtu asiyejua aibu ni nini. Malale akajibu kwamba aibu angeiona kama mke wake angelala njaa. Akaendelea, na mimi nayaandika maneno yake jinsi nilivyoyasikia:

"Wewe na baba wadogo mliswaga ng'ombe kutoka Meatu mpaka huku. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Nani aliwapikia?"

"Porini mtu anakula hata mizizi," mzee akasema. "Hapa si porini. Hapa kuna nyumba, na nyumba ina utaratibu wake."

"Utaratibu wa nyumba hii ni huu, baba. Nikikuficha leo, kila ukija nitafichwa. Mwanangu atakua anamwona baba yake anajificha nyuma ya sketi za jirani kwa sababu kapika uji."

Mzee aliinuka. Alimwambia dereva watalala mjini, na asubuhi wataondoka na mkwe na mtoto. Alimwambia Malale kwamba kama ameamua kuwa mke, basi mke wake apelekwe penye wanaume. Akatoka bila kuaga, fimbo ikigonga saruji.

Wanawake walimshukia Malale. Mama Bernadetha alimwambia amefunga goli kisha akageuka kujifunga mwenyewe. Séverine alisema ukweli ni mzuri lakini haushoni kidonda. Na mimi, niliyekuwa nimeupinga mpango, nilijikuta sijui nimpongeze au nimzabe kibao. Hadi leo nasema alikuwa sahihi. Lakini kusema hivyo ni rahisi kwangu mimi ambaye tumbo langu halikupasuliwa. Mwenye tumbo alikuwa ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza. Malale aliingia ndani, akafunga mlango. Nilisikia wanaongea kwa Kisukuma, yeye na Minza, sauti ya Minza ikiwa ya juu kuliko nilivyowahi kuisikia.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa gari. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa mbele ulikuwa tope tupu. Dereva alikuwa amekwisha kuingia ndani, akatoa godoro la Minza, akalilaza kiti cha nyuma ili mzazi asiumie njiani. Mzee Luhende alisimama kando ya mlango wa gari, koti lilelile.

"Mwangaluka," akatusalimia, na wote tukaitikia.

Malale alikuwa amehamisha jiko la mkaa kutoka uani. Aliliweka mbele ya nyumba, mahali ambapo kila bodaboda inayopita ingemwona, na alikuwa anakoroga uji wa mzazi. Hakumtazama baba yake. Majirani walianza kusogea. Mama Bernadetha alifika mbio, kanga begani, akaenda moja kwa moja ndani, akatoka amembeba mtoto.

Nyuma yake akatoka Minza. Alitembea akishika ukuta, mkono mmoja tumboni. Nikajua anakwenda kwenye gari, maana mlango wa gari ulikuwa wazi na kila mtu alikuwa anautazama. Alipofika kwenye jiko alisimama. Akavuta kigoda, akakaa polepole, akamnyooshea Malale mkono. Malale akampa kikombe.

Asiye wa kwetu hataelewa kilichofuata. Mkwe wa Kisukuma hali mbele ya baba mkwe wake. Hanywi. Akimwona kwa mbali anafunika chombo na kuondoka. Minza, tangu aolewe, hakuwahi kutafuna hata punje ya karanga mzee akiwa karibu. Sasa alikaa hatua chache kutoka kwake, uso wazi, akapuliza ule uji, akanywa. Hakunywa kwa pupa wala kwa kiburi. Alikunywa kama mtu mwenye njaa aliyepikiwa nyumbani kwake.

Mzee Luhende aligeuka akatupa mgongo. Alisimama hivyo, mikono juu ya fimbo, akitazama barabara, mpaka alipoacha kusikia mtu akipuliza.

Minza akasema, bila kumtazama, kwa kupitia mtu kama inavyotakiwa: "Mama Bernadetha, mwambie baba mimi sipandi gari. Hapa ninapona."

Mama Bernadetha alifungua mdomo afikishe ujumbe, lakini mzee alimtangulia.

"Nimesikia," akasema akiwa bado ametupa mgongo. Kisha kwa dereva: "Mshushie godoro lake."

Dereva alilibeba kichwani, akatupita, akaingia nalo ndani. Mzee alipanda kiti cha mbele akafunga mlango mwenyewe. Hakumuaga Malale, wala Malale hakumfuata. Gari liliteleza kidogo kwenye tope, likashika njia ya Mishamo.

Minza akarudisha kikombe kwa mumewe.

"Ongeza," akasema. "Ila leo pilipili manga umezidisha."