Miwani Isiyo na Waya

Shule niliishia darasa la nne, lakini kuwataja walionionea hakuhitaji cheti. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Wa pili ni balozi wetu wa nyumba kumi hapa Nyabusozi. Nikiwa bado nimekaa matanga, shemeji aling'oa majani ya mpaka pale kwenye kichuguu, akayasogeza hadi karibu na jiko langu, akapanda mihogo. Nikalalamika. Balozi akaja, akala mbuzi wa shemeji, akajifuta mdomo, akasema mpaka ni hapo ulipo. Nilipobisha shemeji akanipiga fimbo ya bega, na bega hili hadi leo likiona mawingu linanipa taarifa. Walidhani nitarudi kwetu Shinyanga. Sikurudi, na sikufa.

Basi, binti yangu ana kibanda cha gemu Biharamulo mjini. Juzijuzi nilikwenda kumsalimia, akanivalisha miwani mizito inayofunika uso hadi puani. Giza tupu. Mara nikajikuta ulingoni, jamaa mnene ananijia na glavu. Mikononi nimeshika vidude viwili. Nikirusha mkono wangu, ngumi inakwenda. Nikampa sura ya shemeji. Nilimpiga! Vijana waliokuwa kibandani wakapiga kelele, "Mama, malizia huyo!" Nikageuka kummalizia, waya ukaninasa shingoni. Kumbe miwani ile imefungwa kwenye kompyuta, na mimi nimekuwa mbuzi wa kigingi.

"Usijali, mama," binti akasema huku akinifungua. "Nimeagiza mpya. Hiyo inajitegemea. Haina waya, haitaki kompyuta wala tivii. Nitakuletea nyumbani, tutaichaji kwa sola yako."

"Inajitegemea kabisa?"

"Kama wewe."

Nilirudi na furaha ya mtoto aliyeahidiwa viatu. Binti alinieleza kwamba inataka uwanja mtupu. Unachora mpaka chini kwa mkono wako, na ukiukaribia huo mpaka, ukuta unawaka mbele ya macho yako. Ndani yake pasiwe na kisiki wala kitu cha kumkwaza mtu. Tena tucheze jioni, kwa sababu jua kali linaharibu vioo vyake.

Habari ikamfikia shemeji. Yule kwa ngumi ni mgonjwa. Kukiwa na pambano anatembea hadi senta kuliangalia kwenye kibanda cha video, mvua inyeshe isinyeshe.

"Shemeji, nasikia unaletewa mashine ya ngumi."

"Umesikia vizuri."

"Bibi mzima! Utaanguka uvunjike kiuno."

"Nikianguka nitaanguka kwangu."

Akacheka, lakini hakuondoka. Akazungukazunguka, akakohoa. "Na mtu mwingine anaweza kuivaa?"

"Anaweza sana. Shida ni nafasi. Ndani kuna kitanda na magunia ya mahindi. Na hapa nje," nikanyoosha mkono, "mtu atarusha ngumi ajikwae kwenye mihogo yako."

Nilirudi jikoni kugeuza ugali.

Asubuhi nikasikia jembe. Shemeji anang'oa mihogo! Vimizizi vyembamba kama vidole. Mkewe amesimama amejishika kichwa. "Baba, haijakomaa hii! Tutakula nini?"

"Nyamaza, wewe ngumi huzijui."

Akang'oa yote, akasawazisha hadi kwenye kichuguu, palepale pa zamani. Akafagia. Tangu nimfahamu sikuwahi kumwona mwanamume yule ameshika ufagio.

Balozi naye akafika, mikono nyuma. "Mayu," akaniita, maana akitaka kitu hunipa heshima ya mama kwa Kisukuma, "mimi umeniweka wa ngapi?"

"Wa pili, balozi, baada ya shemeji. Ila mashine yenyewe haichezwi bila mpaka. Hebu nishikie miche hii ya majani ya mpaka."

Balozi akashika miche, shemeji akachimba mashimo pembeni ya kichuguu, mimi nikamwagia maji. Majirani waliokuwa wanakwenda mnadani wakasimama wakatazama, mmoja akauliza kulikoni, balozi akajibu kwa sauti ya mkutano, "Tunampandia mama mpaka wake." Yale majani ya zamani mashahidi wake walikuwa wamekufa. Haya ya sasa, mashahidi ni wao wenyewe wawili.

Miwani haijafika. Binti anasema mzigo uko njiani, na mimi naamini, maana yeye hajawahi kunidanganya. Kila siku ya mnada shemeji anapita.

"Bado tu?"

"Bado, shemeji."

"Na hizi karanga umepanda za nini? Uwanja je?"

"Karanga ni za muda mfupi. Zitavunwa mashine ikifika."

Anatazama karanga, anatazama yale majani, yameshika mizizi. Nadhani ameanza kuelewa, lakini hamu ya ngumi inamfunga mdomo. Akigomba, atavaa miwani ya nani?

Jioni jua likilegea nasimama katikati ya mistari ya karanga nafanya mazoezi hewani. Bega linauma kidogo, nalirusha hivyohivyo. Majirani wanacheka, nami nacheka nao. Nataka ifike hata kesho. Shemeji nitamvalisha wa kwanza, kama nilivyoahidi, na nitakaa kwenye kigoda changu kumtazama anavyorudi nyuma kila akiukaribia mpaka.