Kama ni Lazima, Andika Mchana

Ninaukumbuka vizuri mlio wa pikipiki ikizimwa chini ya kilima chetu, kule Keza, karibu na mpaka. Siyo ikipita. Ikipita ilikuwa bodaboda tu na mzigo wake wa ndizi. Nasema ikizimwa. Injini inakohoa mara moja, halafu kimya, na mama anaacha kupukuchua maharage, mkono hewani, anasikiliza nani anapanda kwa miguu. Mara nyingi alikuwa mjomba. Mara nyingine muuza sabuni. Lakini mama hakupumua mpaka auone uso.

Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wanaokuja kuniuliza namna ya kuomba nafasi kwenye miradi ya programu huria wanadhani kigumu ni Kiingereza. Kwangu mimi kigumu kilikuwa kuonekana.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, umeachwa wazi, kila mtu ausome na aurekebishe. Kuna miradi inayochukua wanafunzi kwa msimu na kumpa kila mmoja mlezi wa kumwongoza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasoma kozi fupi ya kompyuta, na siku zisizo na kipindi namsaidia mama mmoja kwenye duka lake la kutoa kopi, kule Kasulo. Nikaona mradi wa kuwasaidia wakulima kuandika mvua inayonyesha shambani kwao. Nikasema huu ni wangu! Kichwani nilikuwa nimeshanunua kompyuta yangu mwenyewe, nimeshapanda ndege, nimeshakaa dirishani.

Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuomba, urekebishe kosa dogo kwenye programu yao. Nikachagua moja: mtandao ukikatika, ulichoandika kinapotea. Nikajaribu, nikakwama. Bila kosa hilo kurekebishwa, hakuna maombi.

Sasa kwetu ukikwama humwulizi mkubwa mbele za watu. Unamwendea kando. Nikamwandikia mlezi faraghani: nikamwamkia, nikauliza hali ya watu wa nyumbani, bado kidogo niulize na ng'ombe, ndipo nikaligusa swali kwa mbali. Akanyamaza. Mkubwa akinyamaza unasubiri, kumkumbusha ni kukosa adabu. Nikasubiri, na siku ya mwisho ya maombi inasogea.

Hatimaye akajibu mstari mmoja: asante, uliza kwenye ukumbi wa mradi, mtandaoni, na wengine wasome.

Mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani kuja kufanya biashara huku, alinikuta nimeganda.

“We binti, amekutukana?”

“Hapana, mama. Ameniambia niulize mbele za watu.”

“Mbele za watu? Basi kasuke nywele kwanza!”

Akacheka mpaka akashika mashine ya kopi. Nami nikacheka, ila sikuandika kitu. Ukumbi ule unasomwa na dunia nzima, na mradi ulitaka kila anayechangia aandike jina lake kamili.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamweleza mama.

“Wataliona jina lako?”

“Wataliona.”

“Na la babu yako?”

“Ndilo la mwisho, mama.”

“Ni akina nani hao?”

“Watu wa kompyuta tu.”

“Mwana wanje, mwanangu, watu wa kompyuta wanaishi na watu wengine.”

Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, ameshika kitenge cha bibi. Kabla ya hapo aliona majirani wakisomewa majina usiku nje ya nyumba zao, wakachukuliwa, basi, hawakurudi. Hakunisimulia kwa maneno mengi. Alinifundisha tu: kwenye mkutano kaa nyuma, usiulize, jina lako litaje ukilazimishwa.

Angenikataza ningeshukuru, ningekuwa na pa kujificha. Hakunikataza. Alifunga pindo la kitenge, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasema, “Kama ni lazima, andika mchana.”

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza nitakwambia: uliza mapema, uliza ukumbini, eleza ulichojaribu na kilichotokea. Mlezi si mwalimu mkuu. Kimya chake si hasira, ana waombaji kibao. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonitoa woga.

Kesho yake adhuhuri mwenye duka alikwenda kuswali. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe. Nikaandika swali langu, safari hii bila kuuliza hali ya mtu. Nikaandika jina langu, la baba, la babu. Nikatuma. Halafu, usinicheke, nikafunga mlango wa duka kwa komeo nikachuchumaa nyuma ya mashine ya kopi. Nilikuwa nasikiliza. Sijui nilitegemea nani aje.

Mteja akagonga, akaita hodi, akaondoka akinung'unika.

Nilipoinuka, jibu lilikuwepo, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Alitaka kujua natumia toleo gani la programu. Nikatafuta kwenye maneno yake swali jingine, la kwetu ni wapi, sisi ni akina nani. Halikuwepo. Nikalitafuta tena.

Nikavuta kigoda karibu na kompyuta, nikakaa, nikaanza kumjibu.