Majani Laini ya Msimu wa Mvua

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona suti, na alikuwa na ugonjwa wa damu kupanda. Pale Bunia tuliuita tansio. Kabla ya vita alimeza vidonge vya famasi, na kila asubuhi alikunywa kikombe cha majani ya mzeituni, machungu kiasi kwamba alifumba macho kila alipomeza. Muuguzi alimwonya asiache vidonge. Chai ile anywe tu kama inampendeza. Baba aliamini vyote viwili.

Majani hayo yalitoka katika uwanja wa parokia. Miti ilikuwa miwili. Mmoja uliletwa na padri kutoka Ulaya, na majani yake yalikuwa mapana kidogo, laini. Mwingine ulitoka milimani. Majani yake yalikuwa membamba, magumu, chini yake yana rangi ya asali. Mwanamke aliyetunza uwanja ule alikuwa rafiki ya mama tangu ujana wao katika kwaya. Sisi watoto tulimwita Mama Mukubwa. Alikuwa wa kabila lingine. Zamani jambo hilo halikutajwa nyumbani kwetu. Kila kiangazi alikuja na kikapu cha majani ya ule mti wa milimani, wakayatandaza na mama kivulini nyuma ya nyumba, wakicheka mambo ambayo hawakutaka tuyasikie.

Kisha vita ya makabila ikaingia mjini na kuukata vipande viwili. Kartie yetu, yaani mtaa wetu, ikabaki upande mmoja, parokia upande mwingine, na kati yake bariere, vizuizi vya njiani vya vijana wenye bunduki ambao jana yake walikuwa wanafunzi. Famasi zilivunjwa na kuporwa. Vidonge vya baba vikaisha, akabaki na akiba ya majani ya kiangazi. Nayo ikaisha mvua kubwa zilipoanza.

Mama alituma ujumbe kwa Mama Mukubwa kupitia muuza unga wa mihogo, mwanamke aliyekuwa bado anathubutu kuvuka asubuhi zilizotulia. Akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Mama akachemsha. Baba akanywa, na safari hii hakufumba macho.

"Hii iko maji tu," alisema.

"Pengine niliweka maji mingi, muzee."

Akachemsha tena, akaongeza majani. Ikawa vile vile. Wiki ile kichwa kilimuuma baba hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na damu ikamtoka puani.

Jirani yetu alikuja kuomba makaa, akamkuta mama ameinama juu ya sufuria. "Weye unamunywesha muzee majani yenye kutoka kwa wale?" alimwuliza. "Unajua kama iko mzeituni kweli?"

Mama alimchotea makaa. Lakini jirani alipoondoka alifungua kile kifurushi, akayapanga majani juu ya meza. Yalikuwa mapana, laini. Sikuyafahamu, naye hakuyafahamu; nyumbani kwetu yalikuwa yameingia ya ule mti wa milimani tu. Wakati wa amani tungecheka na kwenda kumwuliza mwenyewe. Wakati ule tulikuwa tumeshaona nyumba zikichomwa na watu waliotusalimia miaka yote.

Kifurushi cha pili kilipofika, mama alikitupa chooni mbele ya macho ya yule muuza unga.

"Umwambie asitume tena. Umwambie nimeelewa."

"Nimwambie umeelewa nini, mama?"

"Yeye anajua."

Baba alianguka mchana mmoja akiwa kwenye cherehani. Upande mmoja wa mwili ulikufa kwanza, mdomo ukapinda, na kesho yake akafariki. Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa, tukamzika nyuma ya nyumba, bila padri. Kila aliyekuja kutupa pole mama alimwambia neno moja: "Wamemuua na majani." Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nami niliamini.

Tulikimbia, tukarudi. Mji ulipotulia nilipata kazi katika zahanati ya parokia ile ile, nikiwasaidia masista kukausha mitishamba. Miti yote miwili ilikuwa bado imesimama. Msimu wa mvua nilitafuna jani la ule mti wa milimani, likawa hafifu mdomoni. Nilipoonja tena wakati wa kiangazi, kwenye tawi lile lile, ulimi ulinikakamaa. Nao ule mti wa Ulaya, hata katika ukame, haukufikia uchungu huo. Nilisimama pale na jani mdomoni, nikiyakumbuka yale mapana, laini, ambayo mama aliyapanga juu ya meza.

Nilimwuliza sista mkuu wa zahanati.

"Miti haifanane," alisema, "na majira haifanane. Ule uchungu ndimo tunafikiri dawa iko, na unapanda na kushuka. Lakini mwanangu, tansio ya vile, majani peke yake haingemuokoa."

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Mikono yake ikasimama.

"Basi ilikuwa mvua," alisema. Akarudia kuchambua, kisha akauliza, "Na kwa nini alichuma ule mti mwingine?"

Niliposikia kwamba Mama Mukubwa anauza samaki wakavu katika soko la Ariwara, nilipanda lori nikaenda. Alinitambua kwa paji la uso la baba. Nilimwuliza swali la mama.

"Ule wa milima ulikuwa karibu na ukuta, na maaskari walikaa pale. Nilipoenda, walinipiga." Akapandisha mkono wa blauzi, mfupa ulikuwa umeunga vibaya. "Basi nikachuma wenye nilifikia. Mama yako akaniambia ameelewa. Miaka yote hii ninajiuliza ameelewa nini."

Nikamwambia. Alipanga upya samaki ambao tayari walikuwa wamepangwa.

"Alifikiri mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi?"

Mteja akaja, naye Mama Mukubwa akamfungia samaki.

Mama alitaka kwenda mwenyewe. Alifua kitenge chake kizuri akakikunja. Lakini barabara ya Djugu, ndiyo ya kwenda Ariwara, ikaharibika tena, magari yakawa yanashambuliwa, na ilipofunguka miguu yake ilikuwa imekwisha. Niliwaunganisha kwa simu mara moja, nikiishika sikioni mwake.

"Dada," mama alisema.

"Dada," sauti ikajibu.

Waliongea juu ya magoti yao. Waliulizana nani wa kwaya bado yuko hai, na kila jina lililotajwa, mmoja wao alisema, "Huyo naye alikwenda." Mama alivuta pumzi mara kadhaa kama mtu anayetaka kusema kitu. Mtandao ukakatika.

"Nipige tena?" nilimwuliza.

"Wacha. Sauti yake imezeeka," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Mama Mukubwa alikufa kabla ya kiangazi kilichofuata. Habari ilitufikia baada ya maziko.