Mgonjwa wa Kabati la Kioo

Ruperta Chuvirú alizaliwa katika mji wa misheni, mashariki ya Bolivia, na kilio chake cha kwanza kilitoka kwa sauti ya fidla. Mbwa wa mtaa mzima waliketi kusikiliza. Asiyeamini na abaki na wivu wake.

Fidla yenyewe ilikuwa ya babu yake. Mzee alipofariki na paa likaanza kuvuja, Ruperta akaikabidhi kwa makumbusho. Karatasi za nyimbo zake zikaenda kwa watu wa nyaraka, ng'ambo ya uwanja. Tangu hapo, kila sikukuu ya Mtakatifu Ana, msimamizi wa mji, ikikaribia, Ruperta aliomba apige wimbo wa babu kwa fidla ya babu. Makumbusho wakasema, "Sisi tunaonyesha tu, shangazi." Wa nyaraka: "Sisi ni karatasi tu." Maktaba walimpa kiti, wakamwambia asome atakacho, mradi anyamaze. Ruperta, anyamaze!

Mwaka huu nyumba hizo tatu zikawekwa chini ya paa moja na mkuu mmoja, Delfina Putaré. Ruperta akatinga na kikapu cha mikate ya jibini.

"Mmeshaoana sasa. Hakuna tena kunirusha mlango hadi mlango."

Delfina akacheka. "Karatasi nakupa, shangazi. Fidla haitoki jengoni humu. Ni sheria."

"Haitoki kabisa?"

"Hata iote miguu."

"Basi ni mgonjwa huyo. Kalala, hasemi, hatoki. Na siku ya sikukuu, asiyeweza kutoka, Mtakatifu Ana humfuata kitandani. Au kwenu mna desturi nyingine, binti Putaré?"

Mwaka jana sanamu ya mtakatifu ilibebwa hadi kitandani kwa mama yake Delfina mwenyewe. Akachukua mkate.

Siku ilipofika, wabebaji wa sanamu wakakata kona, wakamwingiza Mtakatifu Ana maktaba, taji likikwaruza mlango. Delfina akafungua kabati la kioo, akatandaza karatasi za babu juu ya meza ya wasomaji. Ruperta akachomoa nyuzi mpya mfukoni, akazifunga, akazikaza, akaiweka fidla begani. Mwanzo ikakoroma kama mzee aliyeamshwa. Kisha ikaimba, hata vumbi la rafuni likanyanyuka kucheza, na mijusi nao wawili wawili.

"Amepona?" Delfina aliuliza, akipangusa macho.

"Wapi! Huyu ni wa kuangaliwa kila Jumamosi."

Na kila Jumamosi Ruperta yuko pale, katikati ya vitabu. Anayetaka kimya akasome uwanjani.