Jumamosi za Mutuini

Nilizisikia mashine zile kabla ya kuziona. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nikipanda ngazi za ofisi moja katikati ya jiji. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mlio kama wa mvua ya mawe juu ya bati: ikapiga, ikanyamaza, ikapiga tena. Nje jua lilikuwa kali. Nilipofungua mlango niliwakuta wasichana sita wameinamia mashine za kutoboa kadi, na mama mmoja wa Ukambani, msimamizi wetu, akipita nyuma yao na rula mkononi.

Tulikuwa tukiiandalia kompyuta chakula chake. Mvua ya miaka mingi ilikuwa imelala katika madaftari, imeandikwa kwa mkono na watu waliokwenda kila asubuhi saa tatu kuchungulia kipimamvua. Sisi tuliigeuza kuwa matundu kwenye kadi, siku baada ya siku, kadi zikipangwa kwa tarehe, ili kompyuta isome mvua iliyopita na kukisia ijayo. Mkubwa wetu, kijana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, aliyangoja makisio hayo kwa hamu. Watu wa maji walitaka kujua kama bwawa litajaa.

"Sufuri ni mtu aliyekwenda, akachungulia, akakuta pakavu," mama alinifundisha. "Kistari ni mtu ambaye hakwenda. Usinichanganyie hao wawili. Penye kistari toboa tisa mara tatu, kompyuta ijue hapo hakuna habari."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau, mwanangu, utaleta ukame, na wewe si Mungu."

Wenzangu walicheka bila kuinua vichwa.

Daftari la kituo cha Mutuini, pembezoni mwa jiji, nililipenda kuliko yote. Aliyeliandika alikuwa mzee wa kutoka magharibi, mtunza shule, na tarakimu zake zilisimama wima kama watoto mstarini. Alishika Sabato. Kila Jumamosi aliweka kistari, na kila Jumapili, pembeni ya kipimo, aliandika: siku mbili. Maneno hayo hayakuwa na nafasi kwenye kadi. Vistari vilikuwa vingi, vidole vyangu vikachoka na tisa, nikaanza kubonyeza kitufe cha kuruka. Nafasi ilibaki tupu. Niliona tupu ni tupu. Sikujua kwamba kompyuta yetu ilisoma nafasi tupu kama sufuri.

Wiki kadhaa baadaye, Jumatatu, mkubwa aliingia na karatasi ndefu iliyoburuta sakafuni.

"Mvua ya Mutuini ni mfanyakazi wa serikali?" aliuliza. "Jumamosi haijanyesha hata tone, miaka yote hii! Halafu Jumapili inafanya kazi mara mbili! Huyu mzee anapika vipimo nyumbani kwake. Mwiteni. Akishindwa kujieleza, tutamfuta kazi."

Wasichana walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaelewa, na kicheko kikanikauka mdomoni. Hakuna aliyefungua daftari. Karatasi ya kompyuta ilikuwa mpya kwetu, na tuliiheshimu kama maandiko. Nami nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Siku tatu nilinyamaza. Kila jioni nilishuka basi Dagoretti Corner, nikatazama mawingu upande wa Mutuini, nikakosa pa kuweka macho yangu.

Mzee alikuja Alhamisi, amevaa koti na tai, viatu vimepigwa rangi, udongo mwekundu umeng'ang'ania kwenye nyayo. Alibeba bilauri ya kupimia, ameifunga kwa taulo, labda wangetaka kuikagua.

"Mzee, unajua kuandika uongo ni makosa?" mkubwa alimwambia mbele yetu.

"Uongo gani, bwana?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Nikasimama. "Ni mimi," nilisema. "Mzee aliweka kistari. Mimi sikutoboa kitu."

Mama alichomoa kadi moja sandukuni akaiinua dirishani. Mahali pa Jumamosi mwanga haukupita.

"Ukame huu ni wetu," alisema. "Mzee wa watu hana kosa."

Mkubwa aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mzee." Kisha akanigeukia: "Na wewe utazitoboa upya Jumamosi zote." Nilidhani yamekwisha.

"Hizo Jumapili tunaweza kuzigawa kwa siku mbili," mama alisema. "Tutazame kituo cha jirani, kilipata kiasi gani kila siku, tugawe kwa kadiri hiyo."

"Za zamani, sawa. Lakini kuanzia sasa nataka kila siku na kipimo chake. Kukisia juu ya kukisia sitaki. Mzee, utapima na Jumamosi. Ni dakika mbili tu."

"Dakika ni mbili, bwana. Siku ndiyo si yangu."

"Basi mtume mtoto."

"Mtoto wangu naye anaishika siku hiyo hiyo."

"Basi nitalazimika kutafuta mtu mwingine."

Mzee alifungua taulo, akaifuta bilauri ndani na nje, akaiweka juu ya meza ya mkubwa.

"Mwambieni huyo mwingine akate ua ulio karibu na kipimamvua kila mwezi," alisema. "Ukirefuka unakinga mvua."

Kisha akatupatia mkono, mmoja mmoja, kama watu wanavyoagana baada ya ibada. Aliponifikia aliushika wangu kwa muda. "Asante kwa kusema, binti," alisema. Akavaa kofia yake, akatoka, akaufunga mlango polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.