Ndege ya Kitwana ikikaa kitako, usicheke

Saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi, bati la nyumba bado halijashika moto. Uani kwenye nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Swahili, Kariakoo, Kitwana Uwesu anaibana ndege katikati ya magoti, anaiwekea msumeno wa chuma puani na kuanza kukata.

Ndoo ya mtu inafurika pale bombani na mwenyewe haoni. Wapangaji wote wamesimama.

"Siwema! Njoo umzuie mumeo!" anapiga kelele jirani mmoja. "Miezi saba anaitengeneza, leo anaichinja!"

Siwema, mke wa Kitwana, amekaa kizingitini anashona, sindano iko mdomoni. Anaitoa kwanza ndipo anajibu. "Mwacheni. Mimi ndiye niliyemwambia."

Ndege yenyewe ni mfano, lakini si wa kuchezea. Ina urefu wa sentimeta themanini na tatu kutoka pua hadi mkia, mabawa yamekaa juu ya mgongo, na kila bawa lina injini ya pangaboi. Ni ile aina ya ndege ya abiria arobaini inayokwenda mikoani, ambayo watu wa Kariakoo huisikia ikipita kila asubuhi na siku hizi hata vichwa hawainui.

Mwili wake ni wa utomvu ule mzito wa kutengenezea boti, unaochanganywa na dawa ukaganda ukawa mgumu. Mapangaboi yamekatwa kwenye kopo la samli. Magurudumu yalikuwa kandambili. Paa linafunuka kama kifuniko cha sufuria, na ndani mna viti na vyumba viwili vya mizigo, kimoja mbele na kimoja nyuma.

Leo saa tisa alasiri Ndugu Isidori, mkuu wa mafunzo ya wapakiaji mizigo ya ndege, anakuja kuitazama. Akiikubali, Jumatatu ndege hii itawekwa mbele ya vijana ishirini na wanne wanaoanza kazi, na Kitwana atakuwa mwalimu wao. Akiikataa, basi.

"Nitabaki nayo iwe pambo la kabatini," anasema Kitwana. "Na kabati lenyewe sina."

Sasa kwa nini mtu mwenye akili timamu akate pua ya ndege aliyoimaliza, siku hiyo hiyo anayotarajia mkaguzi? Mwandishi alimuuliza hivyo hivyo, bila kupamba. Kitwana alicheka, akapuliza vumbi jeupe kwenye msumeno, akasema: "Kwa sababu inasema uongo."

Kitwana ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Lindi, akaja Dar es Salaam kijana, na kwa miaka kumi na minne alipakia mizigo ya ndege, mitano ya mwisho akiwa kiongozi wa zamu. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa ndogo na imeshafungwa. Siku hizi ni kibarua kwenye karakana ya boti huko Kivukoni, anapiga msasa kwa shilingi ishirini na mbili kwa siku. Mwaka huu wa 1982, ambapo sabuni ya kufulia inapangiwa foleni tangu alfajiri, fedha hiyo haina maneno mengi.

Lakini karakana ndiyo iliyompa utomvu. Msimamizi wake, Wilbert, humruhusu kukwangua kilichobaki chini ya makopo.

"Alikuja na kikombe cha bati kama mtu anayeomba chumvi," alisema Wilbert mwandishi alipomtembelea. "Nikamuuliza, wa nini? Akasema, wa ndege. Nikamwambia haya, na mimi nichongee meli."

Mwili wa kwanza uliharibika. Karakanani wamezoea kupaka utomvu tabaka jembamba juu ya boti, upepo wa bahari unapuliza, na dawa ya kugandisha hupimwa kwa kizibo cha soda, vizibo vitatu kwa kikombe. Kitwana akaja nacho kipimo hicho hicho Kariakoo, akamimina utomvu wote kwa mkupuo ndani ya kalibu ya umbo la ndege, saa saba mchana, chini ya bati. Ukachemka wenyewe. Ukatoa moshi. Ukapasuka vipande vitatu na kuwatoa wapangaji nje wanakohoa.

"Miezi miwili ya kukwangua makopo ikaishia jalalani," anasema. "Nililia, sikufichi. Kesho yake nikaanza tena, kizibo kimoja, tabaka moja, asubuhi mapema kabla ya jua."

Vipimo hakupewa na mtu. Aliikumbuka ndege kwa hatua za miguu yake, maana aliizunguka miaka kumi na minne. Kila mita ya kule uwanjani akaifanya sentimeta tatu na kidogo.

Haya, uongo wenyewe ni upi?

Mwezi uliopita Kitwana aliisimamisha ndege kwa magurudumu yake kwa mara ya kwanza mbele ya nyumba nzima. Ikainua pua, ikakaa kitako. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kitwana akaona haya, akaenda Feri kwa wavuvi, akaomba risasi kumi na nne za kuzamishia nyavu, akazijaza puani na kuzimiminia utomvu. Ndege ikasimama sawasawa, nzuri, ya kutazamwa. Akapumua.

Jumatano iliyopita Siwema alimaliza kushona vifuko kumi na viwili vya mchanga, kila kimoja sawa na kipande cha mzigo, vyote kwa vitambaa vya kanga zilizochakaa. Akavipakia vyote mkiani. Ndege haikutikisika.

"Nikamwambia, mume wangu, si ulisema ikipakiwa nyuma tupu inaanguka? Hii mbona imetulia kama mgeni wa posa?" anasimulia Siwema. "Hakula usiku ule."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na Kitwana alilisema akiwa amekaa chini, msumeno pajani, sauti imeshuka.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa masika, ndege ya aina hii ilikuwa inapakiwa kwenye kiwanja kimoja cha kusini. Mvua ilikuwa kubwa. Utaratibu ni kuanza chumba cha mbele, lakini chumba cha mbele kilikuwa mbali na mkokoteni, na cha nyuma kilikuwa karibu. Kiongozi wa zamu akapaza sauti: pakieni nyuma. Mpakiaji mmoja, Augustino, alikuwa amekwisha kumaliza zamu yake, amejibanza chini ya mkia akijikinga mvua. Ndege ikainua pua. Mkia ukamshukia mguuni.

Kampuni iliandika kuwa ni upepo.

"Kiongozi wa zamu alikuwa mimi," anasema Kitwana. "Karatasi ya upepo niliitia saini. Nilikuwa na mke, nina kazi, niliogopa. Augustino sijamwambia mpaka leo. Najua ni aibu, andika tu."

Augustino sasa anatembea kwa gongo na anashona viatu Mtaa wa Sikukuu, hatua chache kutoka hapa. Kila Idi Kitwana humpelekea pilau, kila Krismasi Augustino huleta kuku. Leo naye amealikwa saa tisa.

Kuna watu wanaosema haya yote ni ya nini, si angewaeleza vijana kwa mdomo tu? Kitwana amejaribu. Aliwahi kuwaeleza wapakiaji wa sasa na wakamcheka. Chombo cha tani zaidi ya kumi kinyanyuliwe na masanduku ya abiria? Hawaamini. Mwandishi naye, kusema kweli, hakuamini.

Kwa hiyo pua lazima ikatwe. Saa mbili na robo msumeno unazama mpaka katikati na ufa mwembamba unakimbilia kwenye madirisha ya rubani. Mtu mmoja anasema "Yarabi!" Kitwana anasimama, anafuta jasho kwa kiwiko, anageuza ndege upande wa pili na kuendelea kwa mkato mfupi mfupi. Utomvu uliobaki ni nusu kikombe. Ndege ikivunjika, hakuna wa kutengenezea nyingine.

Pua inatoka nzima, na donge la risasi linang'olewa kwa patasi.

Sasa anabandua risasi kwenye donge na kuzirudisha moja moja, anazishikiza kwa nta, anaijaribu pua kwa kuifunga na uzi. Risasi tatu, ndege tupu inakaa kitako yenyewe. Nne, inayumba. Tano, inasimama. Siwema anapakia mbele kisha nyuma, inasimama. Anapakia nyuma peke yake. Kitwana anageuka kuangalia ukuta, hataki kuona.

"Tisa," anasema Siwema. "Kwa kifuko cha tisa imekaa."

Saa nne pua imegandishwa, kizibo kimoja, kivulini. Alama ya mkato inaonekana shingoni na rangi ya kuifunika hakuna.

Saa tisa kamili Ndugu Isidori anaingia, mtu mrefu wa Kilimanjaro, kofia kichwani, miaka ishirini kwenye viwanja vya ndege. Augustino ameshafika, amekalia kigoda karibu na mlango wa jiko. Kitwana anaiweka ndege mezani na kumpa mgeni vifuko.

"Ndugu Isidori, fanya kama mvua inanyesha na una haraka."

Isidori anatabasamu, anaanza na mlango wa nyuma ulio karibu naye. Kifuko cha saba, cha nane. Cha tisa, ndege inainua pua taratibu na mkia unagonga meza. Ua mzima unaangua kicheko. Isidori hacheki. Anainama, anaona ule mkato mbichi shingoni.

"Hii pua imechezewa," anasema. "Umeipunguza makusudi ili ianguke. Huu mchezo wa mazingaombwe, Ndugu Kitwana, si mafunzo."

Kicheko kinakatika. Kitwana hakujitetea kwa maneno makubwa. Alieleza kisa chote cha risasi kumi na nne, akamwonyesha kilichobaki cha lile donge, akamwomba apakie tena akianzia mbele. Isidori akapakia vyote kumi na viwili. Ndege ikatulia. Bado akatikisa kichwa.

"Mfano ni mfano. Ya kweli sijawahi kuiona ikifanya hivi."

"Mimi nimeiona," alisema Kitwana. Akageuka kumtazama Augustino. "Haukuwa upepo. Niliyesema pakieni nyuma ni mimi. Augustino, ndugu yangu, ni mimi."

Augustino aliokota gongo, akainuka na kuja mezani kwa hatua zake za kuvuta mguu. Akatoa mizigo yote ndani ya ndege. Kisha akaweka kidole cha shahada mezani, chini kabisa ya mkia.

"Hapa ndipo nilipokaa?"

"Hapo hapo."

"Pakia."

Kitwana alipakia nyuma, kifuko kimoja kimoja. Kwenye cha tisa mkia ukashuka juu ya kidole cha Augustino. Hakukitoa. Alimtazama Isidori.

"Mimi sikusimuliwa, mzee. Nilikuwa chini yake." Kisha akamgeukia Kitwana. "Na wewe, sauti yako naijua hata kwenye mvua. Niliisikia siku ile. Miaka mitatu nakula pilau yako nangoja uniambie mwenyewe."

Kitwana alifunika uso kwa viganja. Siwema alikuja akasimama nyuma yake, mkono begani.

Isidori alivua kofia. Aligusagusa ule mkato kwa ukucha, halafu akasema kwa sauti ya kawaida: "Jumatatu saa mbili. Uje na hiyo ndege. Na huo mkato usiupake rangi, waeleze ulivyotokea."

Kitwana ana mpango. Kalibu bado ipo chini ya kitanda, na Wilbert ameahidi kumwekea makopo. Anataka kutengeneza ndege nyingine tatu, moja kwa kila kiwanja cha kusini, kabla ya masika yajayo. Amehesabu: akikwangua kila wiki, anawahi.

Jioni, akimsindikiza Augustino hadi nje, alimuuliza kwa aibu kama Jumatatu angependa kuja kuangalia darasa.

"Kuangalia?" Augustino alisimama, akainua kile kidole. "Vijana ishirini na wanne, wote wabishi. Bila mtu wa kuweka kidole, watakuamini?"